Mrejesho: dada wa steshenari aliyemuombea binti yangu chuo (saikolojia, Three ya 13)

Jamani habari za leo. Niliahidi mambo ya chuo yakikaa sawa nitaleta mrejesho, sasa yamekaa sawa, na leo mkanda wa cherehani umekatika, fundi anakuja kesho, kwa hiyo nina jioni nzima. Ni ndefu mtanivumilia, ila kama una mtoto kamaliza fomu siksi, au una diploma yako iko kabatini na unawaza saikolojia, isome yote maana kuna vitu ningevijua mwezi wa saba nisingelia vile nilivyolia.

Ninachokipa nyota hapa ni huduma ya kuombewa chuo kwenye steshenari ya dada mmoja hapa Morogoro, kachumba kadogo, kompyuta mbili, printa moja, benchi la mbao nje, jirani na wanapouza mkaa. Nampa nyota nne na nusu kati ya tano, hiyo nusu niliyokata ntaieleza huko mbele.

Kwanza nieleze tulifikaje kwake. Nalea binti wa marehemu dada yangu, ananiita mamdogo, nimekaa naye toka yuko darasa la nne. Kasoma HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) bweni. Akiwa fomu tatu shuleni kwao kulitokea ile hali ya wasichana kupiga mayowe na kuanguka, wanasema mapepo, anaanza mmoja bwenini usiku, asubuhi wako kumi, mchana shule nzima haisomi. Wazazi tuliitwa, mwingine kaja na shehe, mwingine na mchungaji, mwingine kabeba mtoto wake kaondoka naye. Akaja mwalimu wa malezi kutoka shule nyingine, mama mtu mzima, hakupiga kelele hakukemea mtu, kawatenganisha, kawa anakaa na mmoja mmoja chini ya mwembe anamuuliza nyumbani kukoje, unalala saa ngapi, unaogopa nini. Ndani ya wiki pakatulia. Binti yangu karudi likizo, kitu cha kwanza kaniuliza ni mamdogo, hivi yule mwalimu alisomea nini? Mimi sikujua. Akaenda kumuuliza mwenyewe, akaambiwa saikolojia, na toka siku hiyo hajawahi kutaja kitu kingine. Nimesema hivi ili mjue sio mtoto aliyedandia kozi kwa sababu imesikika mjini.

Matokeo ya fomu siksi yakatoka mwezi wa saba. Historia D, Jiografia E, Kiingereza D. Divisheni Three ya pointi 13. Kalia siku mbili. Na watu wakaja kumalizia, jirani anasema hiyo ni Three ya mwanzo kabisa lakini chuo kikuu asahau, mwingine anasema mpeleke ualimu wa cheti, kaka yangu kapiga simu kutoka Mbeya anasema arudie mtihani. Mimi nimeishia la saba, sina la kumjibu mtu, nikachukua hela nikampeleka steshenari ya kwanza. Hiyo siitaji jina wala mtaa. Kijana aliyekuwepo kaangalia karatasi, kaona 13, kasema mama TCU, ile tume ya vyuo vikuu, wanataka pointi nne, huyu ana kumi na tatu, kazidi mbali, hana sifa. Nikaamini. Tukamuomba ajaribu hivyo hivyo, kajaza kozi tatu bila kutuuliza hata moja, namba ya simu kaweka yake, imeili kaweka yake, eti ili asisumbuke. Elfu ishirini yake kachukua. Dirisha la kwanza la maombi likafungwa, majina yakatoka, binti hayupo popote, na tulipotaka kuingia wenyewe kuangalia tatizo ni nini paswedi haikumbuki na laini ya simu aliyoitumia kaitupa. Mtoto wangu alikuwa na akaunti ya maombi ya chuo ambayo hawezi kuifungua. Mpaka leo nikipita pale naumia.

Mteja wangu mmoja nilimshonea sare za kwaya ndo akanielekeza kwa huyu dada. Tumefika saa nne asubuhi, foleni watu saba. Zamu yetu ilipofika nikaanza kumwambia dada yangu huyu ana Three ya 13, akanikatisha kwa upole kabisa, "Mama, achana na divisheni kwanza. Mdogo wangu, nitajie herufi zako somo moja moja."

Binti katoa D, E, D. Dada kachukua karatasi iliyoharibika kwenye printa, kageuza nyuma, kachora mistari miwili, na alichotuonyesha pale ndo kitu ambacho nadhani nusu ya wazazi hatujui. NECTA, yaani baraza la mitihani, wakipanga divisheni A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6, F ni 7, wanajumlisha masomo matatu ya kombi, kwa hiyo pointi chache ndo nzuri, One ni 3 mpaka 9, Two 10 mpaka 12, Three 13 mpaka 17, Four 18 na 19. Hapo ndo inatoka 13 ya binti, nne na tano na nne. TCU wao wanageuza. Kwao A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, S ni nusu, na wanaangalia masomo mawili aliyofaulu vizuri zaidi, kwa hiyo pointi nyingi ndo nzuri. D mbili ni 2 na 2. Nne. Kiwango cha chini cha kuingia digrii ni prinsipo mbili, yaani masomo mawili ya kuanzia A mpaka E, zenye jumla ya pointi 4.0, na binti yangu anazo nne kamili, hazijazidi hata nusu lakini hazijapungua. Yule kijana alikuwa anapima pointi za NECTA kwa rula ya TCU.

Nilishika ukingo wa meza. Binti kauliza mara mbili, "Kwa hiyo dada mimi nina sifa?" Dada kasema sifa unayo, ila usikimbie, kaa tuongee.

Na hapa ndo nilimpendea. Angeweza kuchukua hela pale pale tukiwa na furaha. Badala yake kafungua kile kitabu cha mwongozo wa udahili cha TCU, kile cha bure unapakua kwenye tovuti yao kila mwaka, kipo cha wa fomu siksi na kipo kingine cha wenye diploma, vyote vya Kiingereza, yeye anasoma mstari anautafsiri kwa Kiswahili hapo hapo na kidole kiko kwenye kioo. Akatuonyesha kila kozi ina mstari wake, masomo yanayotakiwa, pointi za chini za chuo chenyewe, nafasi ngapi, miaka mingapi. Hiyo nne ni ya nchi nzima, chuo kinaruhusiwa kuweka zaidi yake na wengine wameweka. Halafu hata ukiwa umetimiza, nafasi zikiwa chache wanaanza na wenye alama kubwa. Akasema hivi, na nimeyashika maneno yake, "Nne inakuruhusu kupanga foleni, haikuhakikishii chakula kitakufikia. Kwa hiyo tuchague foleni fupi." Ndo akaanza kuangalia nafasi na masomo, sio jina la chuo.

Kitu kingine, alisema usitafute neno saikolojia peke yake utakosa vingi. UDSM na UDOM ipo kama Bachela ya Elimu katika Saikolojia, iko upande wa elimu, kwingine inakuja kama malezi na unasihi, na kuna ustawi wa jamii ambayo ndani yake unasoma tabia za watu na ushauri ila mwisho wa siku wewe ni afisa ustawi. Binti alikuwa hajui kama saikolojia iko ndani ya elimu, alikuwa anaitafuta kwenye udaktari.

Halafu kamuuliza unataka kuwa nani hasa? Kasema nataka kuwa kama yule mwalimu, na baadae nifanye kazi hospitali, Mirembe au Muhimbili. Dada akamweleza vizuri sana, naandika hapa maana watu wengi wanachanganya. Daktari wa magonjwa ya akili anayeandika dawa lazima awe daktari kwanza, ni PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia), ni MD, digrii ya udaktari, miaka mitano, mwaka wa mazoezi, ndo anasomea ubingwa wa akili. Kwa HGL njia hiyo imefungwa na hakuna wa kukudanganya. Mwanasaikolojia yeye hatoi dawa, anaongea na mtu, anapima, anafuatilia, na ukitaka kufanya hivyo kwa wagonjwa hospitalini digrii ya kwanza peke yake haitoshi, unaenda masta, MUHAS pale Muhimbili wanayo ya saikolojia ya tiba. Kwa hiyo akamwambia digrii miaka mitatu, kisha masta, ujipange kuwa mwanafunzi muda mrefu, na uanze kukuza GPA, ule wastani wa alama za chuo, toka muhula wa kwanza maana masta wataiangalia hiyo, D zako za fomu siksi hakuna atakayeziuliza tena. Nilimwona mtoto kakaa wima kwenye kiti. Mwezi mzima alikuwa anatembea kama mtu aliyepigwa.

Sasa nikiwa pale benchi nimesikia na za wenzangu, na hapa ndo nataka mnisikilize maana sio wote mna D mbili.

Kulikuwa na baba kaja na kijana wake, naye anataka mambo ya ushauri nasaha, ana E moja na S moja, lingine F. Huyo digrii moja kwa moja hapana, pointi zake ni moja na nusu. Mimi nilidhani dada atasema basi. Kasema moja na nusu ndo kiwango cha kuingia Faundesheni ya Chuo Kikuu Huria, OUT, unasoma mwaka mmoja, ukitoka na GPA ya 3.0 kwenye masomo sita ya msingi, na angalau C kwenye matatu ya fani yako, unaomba digrii kama wenzako. Yule baba aliuliza mara tatu kama ni ya serikali. Dada kamfungulia ukurasa kamsomesha mwenyewe. Baba kakaa kimya kidogo halafu kamshika kijana wake bega.

Akaja dada mwingine ana diploma ya ustawi wa jamii, kafanya kazi kwenye kituo cha watoto, anataka kwenda kusoma saikolojia. GPA yake 3.4. Njia ya diploma wanataka angalau ufaulu wa masomo manne fomu foo, D nazo zinahesabika, na GPA isiyopungua 3.0 kwenye ile NTA ya 6, ndo ngazi ya diploma, kwa hiyo yuko ndani, ila kulikuwa na kitu hana, AVN. Hiyo ni namba ya uhakiki wa diploma inatoka NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, bila hiyo mfumo wa chuo haukubali uendelee. Watu wengi wanakuja bila kuwa nayo siku mbili kabla dirisha kufungwa. Dada alimuombea pale pale akamwambia ikija tunaendelea. Na akamtahadharisha aangalie diploma yake inakubalika kwa kozi gani, zipo za saikolojia zinataka diploma ya ualimu, ya ustawi hawaitaki, kwa hiyo asijaze kwa kupenda, asome mstari. Alipouliza mdogo wake mwenye GPA ya 2.6 afanyeje, jibu ni lile lile la Faundesheni, diploma yenye 2.0 na kuendelea inaingia.

Mwingine, huyu alinishangaza, mkaka wa makamo kidogo kamaliza 2015, cheti chake kina B+. Miaka ile ya 2014 na 2015 alama zilibadilishwa, A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1. Kwa hiyo C mbili za mwaka wake ndo nne, D mbili haziwezi kufika. Kama umemaliza miaka hiyo usijilinganishe na mdogo wako. Yeye alikuwa na C mbili, miaka yote hiyo yuko dukani kwa watu anajua hana sifa. Sijui niseme nini hapo, kwa kweli nilinyamaza tu.

Nirudi kwetu. Kabla ya kujaza chochote dada alitoa masharti. Laini ya simu iwe ya mwanafunzi mwenyewe na iwe imesajiliwa kwa jina lake. Imeili afungue yake, tulifungua pale. Paswedi aandike mwenyewe, dada kageuza uso ukutani wakati binti anaandika, yaani kageuka kabisa. Akasema namba ya mtihani wa fomu foo ndo kitambulisho chako kila mahali, chuo, mkopo, kote, ikikosewa tarakimu moja unakuwa mtu mwingine. Alisoma kwa sauti, binti akarudia, mimi nikasoma ya tatu.

Vyuo vitatu tu. Toka 2017 maombi yanaenda chuoni moja kwa moja, sio kule TCU kama zamani, kwa hiyo kila chuo kina akaunti yake na ada yake, unapewa kontro namba unalipa kwenye simu. Yule wa kwanza alituambia ukiomba vingi ndo unapata, dada anasema omba unavyoweza kuvisomea masharti. Kila kozi aliyopendekeza alimuuliza binti, "Ukipangiwa hii utaenda kwa moyo?" Moja binti kasema hapana, ikafutwa. Kwa wazazi wenzangu hilo swali muwaulize watoto nyumbani kabla hamjaenda kokote, maana mtoto akipata nafasi asiyoitaka na dirisha likafungwa mnabaki mnalaumiana.

Masaa mawili na nusu tulikaa. Bei elfu kumi na tano kwa vyuo vyote vitatu, ada za vyuo na kuprinti mbali. Alitupa risiti ya kuandika kwa mkono.

Akaja kutukumbusha la mkopo, HESLB, bodi ya mikopo, kwamba ni ombi jingine kabisa, unaliomba peke yake, na cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe RITA, wale wa vizazi na vifo, na kwa binti yangu cheti cha kifo cha mama yake nacho. Hilo la RITA nawaomba mlifanye mapema, mtoto akiwa bado fomu siksi, maana mwezi wa nane kila mtu anakimbilia huko na yenyewe sio ya siku moja. Sisi ilituchukua muda, lakini kwa sababu tulianza siku hiyo hiyo tukawahi.

Majibu ya dirisha la pili. Simu ya binti iliita meseji mimi niko na mteja nampima mabega, nikasikia yowe uani nikadhani nyoka. Kachaguliwa vyuo viwili. Kimoja maendeleo ya jamii, kingine Elimu katika Saikolojia, ile ile. Kwa D mbili. Nilikaa chini na tepu yangu shingoni mpaka mteja akaniletea maji.

Halafu hapo hapo kuna mtego, ndo nikaelewa kwa nini dada aling'ang'ania ile laini. Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja hujamaliza, unatakiwa uthibitishe kimoja kwa namba ya uthibitisho inayotumwa kwenye simu, na kuna tarehe ya mwisho. Tungekuwa bado na ile simu ya yule kijana, hiyo namba ingeenda kwa mtu mwingine na sisi tungekaa tunashangilia wakati muda unaisha. Tulirudi kwa dada saa kumi jioni, kaingiza, kathibitisha, katuprintia, na hiyo hakuchukua hela, kasema ilikuwa ndani ya ile elfu kumi na tano.

Sasa ile nusu nyota. Foleni. Yuko peke yake, ana kompyuta mbili lakini moja wanaandikia watu barua na CV, na anapomhudumia mtu vizuri hivyo wa nyuma wanangoja mpaka wanakata tamaa, niliona mama mmoja na mtoto mgongoni kaondoka. Angeweka hata namba za karatasi mtu ajue ni wa ngapi aende sokoni arudi. Benchi liko juani kuanzia saa sita. Intaneti ilikata mara mbili, sio kosa lake lakini hana bando la akiba, tulitumia la kwetu. Na maelezo yale mazuri yote anayaandika kwenye karatasi mbovu za printa, unatoka nayo mkononi ikilowa imekwisha. Nilimwambia, dada haya unayotueleza yaandike ukurasa mmoja kwa Kiswahili, zile alama za NECTA na za TCU ubavu kwa ubavu, njia ya fomu siksi, ya diploma, ya Faundesheni, ubandike ukutani, watu wakiwa kwenye foleni wasome, nusu ya maswali yatakuwa yameisha. Kasema wazo zuri, mpaka nimeondoka hajabandika. Namkumbusha tena.

Na kitu kimoja sio malalamiko kwake, ni kwetu wote. Kwa nini haya mtoto anayajulia steshenari? Miaka miwili kasoma HGL, hakuna siku mtu alimwambia D mbili ni nne. Nimeongea na wazazi wa wenzake watano toka matokeo yatoke, wawili watoto wao wana pointi za kutosha na wapo nyumbani, mmoja keshaenda kuuza duka la M-Pesa, wote kwa sababu waliona Three wakafunga faili. Mmoja wao ana Three ya 15, ana C ya Kiswahili na E, F ya tatu, hesabu mwenyewe, 3 na 1. Nne hiyo. Nilimpigia mama yake saa tatu usiku, hakuniamini, nikamtumia picha ya ile karatasi. Dirisha la pili lilikuwa limebaki siku nne. Kaenda kwa dada kesho yake asubuhi, akapata chuo, sio saikolojia yeye alitaka Kiswahili, lakini yuko chuoni.

Binti yangu kaondoka mwishoni mwa mwezi wa kumi na sanduku la bati lile lile la bweni. Wiki ya pili kanipigia anasema mamdogo darasani tuko wengi, kuna wa One wako hapa hapa, na mwalimu katuambia sote tunaanza na sifuri. Kasoma tayari kuhusu kumbukumbu, anasema mtu akiwa na hofu anashindwa kukumbuka hata anachokijua, na alivyosema hivyo nikajua anajisema yeye na ule mtihani. Mkopo umetoka sio wote, sehemu, nyingine naongeza mimi. Msimu wa sare za Januari ukifika ntakuwa sawa.

Kwa wanaotaka kwenda kwa dada: Jumatatu mpaka Jumamosi, anafungua saa mbili, Jumapili yuko kanisani usimpigie. Mje mapema, mje na karatasi ya matokeo ya fomu foo na fomu siksi au cheti cha diploma na transkripti, cheti cha kuzaliwa, simu yenye chaji, laini yenye jina la mwanafunzi. Na mwanafunzi mwenyewe aje, dada hamjazii mtu ambaye hayupo, hata mzazi abembeleze vipi. Nilimwona akimrudisha baba mmoja na suti yake.

Juzi kaja kwangu na kitenge cha bluu anataka gauni la harusi ya mdogo wake, vipimo nimeshachukua, mkanda ukifungwa kesho naanza nalo, Ijumaa atakuja kulichukua.